Siku niliyoacha kutafuta asili ya pamoja

Swali lilikuwa la mwisho kwenye karatasi ya mtihani, mstari mmoja tu, na mpaka leo naliona lilivyokaa chini ya ukurasa:

1/(1×2) + 1/(2×3) + 1/(3×4) + … + 1/(99×100)

Tafuta jumla. Hapakuwa na maelezo mengine.

Nilikuwa sekondari, na kwenye sehemu nilikuwa najiamini. Nilijua kutafuta kigawe kidogo cha shirika, nilijua kuzipa sehemu zote asili moja, yaani namba moja ya chini, nilijua kurahisisha mpaka pasibaki cha kurahisisha. Nikaanza kama nilivyozoea. 1/2 na 1/6: asili ya pamoja ni 6, kwa hiyo 3/6 na 1/6, jumla 4/6, yaani 2/3. Nikaongeza 1/12, nikapata 9/12, yaani 3/4. Nikaongeza 1/20, nikapata 16/20, yaani 4/5. Nikaongeza 1/30, nikapata 25/30, yaani 5/6.

Hapo mkono ukasimama. 1/2, 2/3, 3/4, 4/5, 5/6. Sehemu za kujumlisha zilikuwa 99, nami nilikuwa nimefika ya tano tu, lakini majibu yalikuwa yanajipanga yenyewe. Nikaandika 99/100, nikapiga mistari miwili chini yake, nikatoka nje nikiwa na uhakika kabisa.

Karatasi iliporudi nilikuta alama mbili kati ya sita. Jibu lilikuwa limewekewa vema. Pembeni yake kulikuwa na maneno mawili ya wino mwekundu: "Kwa nini?"

Iliniuma. Nilimfuata mwalimu baada ya kipindi nikiwa nimeishika karatasi mkononi.

"Mwalimu, jibu si ndilo hili?"

"Ndilo."

"Sasa alama nne zimekwenda wapi?"

"Ulijumlisha sehemu ngapi?"

"Tano."

"Na hizo tisini na nne zilizobaki, nani amekuhakikishia kwamba zitafuata mstari?"

Sikuwa na la kujibu. Nilidhani sasa atanionyesha njia ubaoni, lakini hakufanya hivyo. Aliichukua kalamu yangu, akaizungushia duara sehemu moja katikati ya swali, ile 1/(3×4), akasema: "Acha kujumlisha. Chukua hii moja tu, moja ya kumi na mbili, kesho uniambie imetoka wapi."

Swali hilo nilikwenda nalo nyumbani na kwa muda mrefu sikulielewa. Sehemu imetoka wapi? Sehemu ni sehemu. Nikaandika 1/12 katikati ya ukurasa mtupu nikaitazama. Kwa kuwa kitu pekee nilichokijua vizuri ni asili ya pamoja, ndicho nilichorudia: 12 ni asili ya pamoja ya nini na nini? Ya 3 na 4. Ukitaka kujumlisha 1/3 na 1/4 unaandika 4/12 na 3/12, unapata 7/12. Nikaandika hivyo. Halafu, bila sababu yoyote ya maana, nikatoa badala ya kujumlisha. 4/12 toa 3/12. Moja ya kumi na mbili.

Nikajaribu jirani yake. 1/4 toa 1/5 ni 5/20 toa 4/20, yaani 1/20. Nikajaribu 1/2 toa 1/3, nikapata 1/6. Hata ile ya kwanza, 1/2, nayo ni 1 toa 1/2. Kila sehemu kwenye lile swali ilikuwa tofauti ya sehemu mbili zilizo rahisi zaidi kwa umbo, na kilichoziunganisha ni kwamba namba mbili za chini zilikuwa zinafuatana, kwa hiyo zikitolewa, juu hubaki 1 kila mara:

1/n − 1/(n+1) = (n+1 − n)/(n(n+1)) = 1/(n(n+1))

Nikaliandika swali upya kwa mtindo huo:

(1 − 1/2) + (1/2 − 1/3) + (1/3 − 1/4) + … + (1/99 − 1/100)

Niliyaandika mabano kwa wino, nikachukua penseli. Mabano ya kwanza yanakopa 1/2, mabano ya pili yanailipa. Mabano ya pili yanakopa 1/3, ya tatu yanailipa. Nikawa nakata jozi moja baada ya nyingine, mkato mmoja kwa yule anayetolewa na mkato mmoja kwa yule anayerudishwa, nikafika kwenye nukta tatu, nikaziruka, nikatua upande wa pili kwenye 1/99, nikaikata pia kwa sababu mwenzake alikuwa amejificha ndani ya zile nukta. Zikabaki mbili tu: 1 mwanzoni kabisa na 1/100 mwishoni kabisa. 1 toa 1/100. 99/100.

Jibu lilikuwa lile lile, lakini safari hii hakuna sehemu hata moja kati ya zile 99 niliyokuwa nimeikisia. Zote zilikuwa zimehesabiwa, hata zile ambazo sikuziandika.

Mfululizo wa namna hii hulinganishwa na darubini ya mkononi ya zamani, ile ya mabomba yanayoingiliana. Ikivutwa ni ndefu, ikisukumwa kila bomba huingia ndani ya mwenzake mpaka ibaki vioo viwili, cha jichoni na cha mbele. Binafsi hupenda kusema mfululizo umejikunja. Na kile kitendo cha kuiandika sehemu kama tofauti ya mbili nakiita kuipasua.

Kwa miezi kadhaa baada ya hapo nilipasua kila sehemu iliyokatiza mbele yangu. Nilidhani nimeshika ufunguo wa mfululizo wowote. Kumbe nilikuwa nimeshika mfano mmoja, tena ule mwepesi kuliko yote, na somo lenyewe lilinijia kupitia makosa mawili ambayo bado nayakumbuka vizuri kuliko majibu mengi niliyoyapata sawa.

La kwanza lilihusu hili:

1/(1×3) + 1/(3×5) + 1/(5×7) + … + 1/(99×101)

Niliona namba za chini zinashikana mikono, 3 na 3, 5 na 5, nikaandika mara moja (1 − 1/3) + (1/3 − 1/5) na kuendelea, nikakata, nikabaki na 1 toa 1/101, nikaandika 100/101. Sikurudi nyuma kuangalia kama 1 toa 1/3 kweli ni 1/3. Si 1/3. Ni 2/3. Witiri mbili zinazofuatana zimeachana kwa 2, kwa hiyo zikitolewa, juu inabaki 2 badala ya 1, na kila bano langu lilikuwa kubwa mara mbili kuliko sehemu halisi. Jibu sahihi ni nusu ya nililoandika, 50/101. Tangu siku hiyo, kabla sijakata chochote, hujumlisha lile bano la kwanza kwa mkono nione kama linarudisha sehemu niliyoanza nayo. Pengo likiwa 3, kama kwenye 1/(2×5) + 1/(5×8) + 1/(8×11) mpaka 1/(29×32), unagawanya kwa 3: theluthi moja ya (1/2 − 1/32), ambayo ni 5/32. Ukishalijua pengo, yaliyobaki ni mteremko.

Kosa la pili ndilo lililonifundisha zaidi, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Sura yake inafanana sana na lile la kwanza, na ndiyo maana liliniangusha:

1/(1×3) + 1/(2×4) + 1/(3×5) + … + 1/(98×100)

Pengo ni 2, hilo nililiona. Nikaweka nusu nje, nikajipongeza kwamba safari hii sikusahau, nikaandika ndani 1 mwanzoni na 1/100 mwishoni, nikapata 99/200. Sikuandika mabano hata moja. Nilikuwa nimeshazoea kwamba inabaki ya kwanza na ya mwisho, basi nikaokota ya kwanza na ya mwisho.

Mwenzangu tuliyekuwa tukisoma naye meza moja aliangalia jibu langu akasema, "Hilo haliwezekani." Hakuwa amelifanya swali. Alikuwa amejumlisha sehemu tatu za mwanzo tu: 1/3 ni kama 0.333, 1/8 ni 0.125, 1/15 ni kama 0.067. Jumla 0.525. Jibu langu lilikuwa 0.495. Sehemu tatu za kwanza zilikuwa zimeshalipita jibu la sehemu 98, na zote ni chanya.

Nikaandika mabano, sasa bila kuruka:

(1 − 1/3) + (1/2 − 1/4) + (1/3 − 1/5) + (1/4 − 1/6) + …

Tazama 1/3. Inakopwa na bano la kwanza, lakini hailipwi na bano la pili, inalipwa na la tatu. 1/4 inakopwa na la pili, inalipwa na la nne. Deni linachelewa hatua moja. Kwa hiyo mwanzoni wanabaki wawili ambao hakuna anayewadai, 1 na 1/2, na mwishoni wanabaki wawili ambao mlipaji wao hajafika, 1/99 na 1/100. Jumla ni nusu ya (1 + 1/2 − 1/99 − 1/100), ambayo ukiihangaikia inatoka 14651/19800, karibu 0.74.

Kwenye swali la witiri pengo lilikuwa 2 pia, lakini zilibaki mbili tu, kwa sababu namba zenyewe zilikuwa zinaruka mbilimbili na kila mkopo ulilipwa na jirani wa karibu. Hapa namba zinaenda moja moja na pengo ni mbili, kwa hiyo zinabaki nne. Wanaosoma kanuni ya kukariri, "inabaki ya kwanza na ya mwisho", huanguka hapa hapa nilipoanguka mimi. Ninachofanya sasa, na ninachomwambia yeyote anayeniuliza, ni kuandika mabano manne ya mwanzo na mabano matatu ya mwisho, yote, kwa ukamilifu, kisha kukata kwa penseli. Inachukua dakika moja. Huhitaji kukumbuka ni ngapi zinabaki, unaziona.

Baadaye nilikutana na mifululizo inayojikunja bila hata kuonekana kama sehemu za kawaida. Kuna ile yenye vipeuo vya pili, 1/(√1+√2) + 1/(√2+√3) mpaka 1/(√99+√100), ambayo ukizidisha juu na chini kwa tofauti ya vipeuo, kila moja inageuka kuwa √2 − √1, √3 − √2, na jumla yote ni 10 toa 1, yaani 9, namba kamili safi kutoka kwenye rundo la vipeuo visivyosomeka. Kuna ya faktoria, 1/2! + 2/3! + 3/4!, ambayo kila sehemu yake ni 1/n! − 1/(n+1)!, n! ikiwa ni zao la namba zote kuanzia 1 mpaka n. Na kuna ya sehemu zenye namba tatu chini, ambayo naipenda kuliko hizo zote:

1/(1×2×3) + 1/(2×3×4) + 1/(3×4×5) + …

Ukitoa 1/(2×3) kutoka 1/(1×2) unapata 1/2 − 1/6, yaani 1/3, ambayo ni mara mbili ya 1/(1×2×3). Sehemu za swali langu la mtihani, zile zile 1/2, 1/6, 1/12, 1/20, zikitolewa moja kwa jirani yake zinazaa mfululizo huu mpya. Jumla yake ukiuacha uende bila kikomo ni nusu ya 1/2, yaani 1/4.

Hapo kwenye "bila kikomo" ndipo nilipogundua kwamba lile swali la wino mwekundu sikuwa nimelijibu lote.

Nilikuwa nimefika chuo. Mwenzangu mmoja aliniwekea karatasi mezani akasema anaweza kuthibitisha kwamba 1/2 + 1/6 + 1/12 + 1/20 + … bila mwisho ni 0. Alipasua kila sehemu kwa njia ambayo sikuwahi kuifikiria:

1/(n(n+1)) = n/(n+1) − (n−1)/n

Nilihakiki. 1/2 toa 0 ni 1/2. 2/3 toa 1/2 ni 1/6. 3/4 toa 2/3 ni 1/12. Sawa kabisa. Basi, akasema, ukiandika (1/2 − 0) + (2/3 − 1/2) + (3/4 − 2/3) na kuendelea, 1/2 inakatwa, 2/3 inakatwa, 3/4 inakatwa, kila moja ina mwenzake mbele, na kwa kuwa mfululizo hauna mwisho hakuna inayobaki isipokuwa ile 0 ya mwanzo.

Nilijua ni uongo, jumla ya namba chanya haiwezi kuwa 0, lakini kosa nilishindwa kulionyesha kwa kidole. Nililala nalo. Asubuhi nikafanya kile nilichokuwa nimekiacha kwa sababu ya uzoefu: nikasimamisha mfululizo kwenye sehemu ya n, nikaandika mabano ya mwisho, n/(n+1) − (n−1)/n. Ile n/(n+1) haina mwenzake. Kila unaposimama, yuko mmoja mwishoni ambaye hajakatwa, na huyo hapungui kuelekea 0. Anakua kuelekea 1. Jumla nzima iko kwake.

Kwa njia yangu ya zamani, 1 − 1/2 na wenzake, anayebaki mwishoni ni 1/(n+1), ambaye ukienda mbali anakaribia 0. Ndiyo maana nilikuwa namsahau na bado nikipata sawa. Miaka yote ile nilikuwa nakata "mpaka mwisho" kwenye mfululizo usio na mwisho, na sikuwahi kuadhibiwa. Njia ni moja: simama kwenye n, andika kilichobaki, halafu ndipo uiache n iende mbali uone kilichobaki kinaelekea wapi. Ukigeuza utaratibu huo, unaweza kupata 1 au 0 kutoka kwenye mfululizo ule ule.

Lakini kilichonishika siku ile ni kitu kingine. Nilizitazama zile namba zake, 1/2, 2/3, 3/4, 4/5. Nilizifahamu. Zilikuwa ni zile zile zilizojipanga kwenye karatasi yangu ya mtihani, majibu yangu matano. Njia ya mwenzangu ya kupasua haikuwa uchawi. Alichukua tu jumla ya mpaka hapa akatoa jumla ya mpaka jana, na tofauti ya jumla mbili zinazofuatana lazima iwe ile sehemu iliyoongezwa katikati. Kwa maana hiyo kila mfululizo duniani unajikunja, ilimradi uzijue jumla zake. Ugumu wote uko kwenye kuzijua.

Na mimi nilikuwa nimezikisia. Kama ningeongeza mstari mmoja kwenye ile karatasi, kwamba n/(n+1) toa (n−1)/n ni (n² − (n² − 1))/(n(n+1)), yaani 1/(n(n+1)), nikasema na kwamba jumla ya kwanza ni 1/2 kama inavyotakiwa, basi zile tisini na nne zingekuwa zimehakikishwa. Kisio langu lilikuwa nusu ya uthibitisho, nami sikujua. Hilo limebadilisha namna ninavyosahihisha kazi za watu. Mtu akiniletea muundo aliouona kwenye namba tano, simwambii kwamba kukisia hakuruhusiwi. Namwambia: toa lako la tano kwenye la sita kwa herufi, uone kama linarudisha sehemu ya sita.

Nilipoanza kusoma historia ya jambo hili nilifurahi kukuta kwamba watu wakubwa walipita hapa hapa. Mwaka 1672, Gottfried Leibniz alikuwa Paris, kijana wa miaka 26 aliyesomea sheria na aliyekwenda huko kwa shughuli za kidiplomasia. Mwanahisabati Christiaan Huygens akampa swali la kumpima: jumlisha vinyume vya namba za pembetatu, 1 + 1/3 + 1/6 + 1/10 + 1/15 na kuendelea bila mwisho. Namba ya pembetatu ni n(n+1)/2, kwa hiyo kinyume chake ni 2/(n(n+1)). Ni swali langu la mtihani likiwa limezidishwa kwa 2, na jibu ni 2. Leibniz alilipata kwa kutazama tofauti. Pietro Mengoli wa Bologna alikuwa ameshazijumlisha sehemu za namna hii kwenye kitabu cha mwaka 1650, lakini kwa Leibniz swali lile lilifungua njia ndefu. Wazo kwamba jumla ya tofauti nyingi ndogo ni tofauti ya ncha mbili tu ndilo lililo ndani ya kalkulasi, hisabati ya mabadiliko madogo madogo na jumla zake, aliyoijenga miaka michache baadaye. Anayejua kuintegreti ameshafanya jambo hili mara nyingi: unaweka cha juu, unatoa cha chini, yote ya katikati yameshakatana.

Mwaka jana mpwa wangu alikuja na swali lake la shule, 1/(1×2) + 1/(2×3) na kuendelea, mpaka 1/(49×50). Sikumwonyesha kanuni. Nilikata kadi kumi na mbili za karatasi ngumu, mbele ya kila kadi nikaandika sehemu, 1/2, 1/6, 1/12, mpaka 1/156, nyuma nikaacha wazi. Nikampa ya tatu nikamwuliza imetoka wapi. Alichukua muda mfupi kuliko niliochukua mimi. Akaandika nyuma 1/3 − 1/4, kisha akazigeuza zote akazijaza mwenyewe, akazipanga sakafuni kwa mstari, migongo juu, akaanza kukata.

Alipomaliza akauliza swali ambalo nilikuwa nalingoja na kuliogopa.

"Mjomba, kama chini ni namba ile ile mara mbili? 1/(1×1) + 1/(2×2) + 1/(3×3). Hiyo nayo inajikunja?"

Nilimwambia ukweli. Hakuna njia ya kuipasua hiyo kwa sehemu za kawaida ikajikunja vizuri. Mengoli, yule yule wa 1650, aliliuliza swali hilo na hakulipata jibu. Leonhard Euler ndiye aliyelipata mwaka 1734, na jibu ni π²/6, pai inatokeza mahali ambapo hakuna duara hata moja.

"Sasa sisi hatuwezi kitu?"

Tukakaa. 1/(10×10) iko kati ya nani na nani? Ni kubwa kuliko 1/(10×11), ni ndogo kuliko 1/(9×10). Kila kinyume cha mraba, ukiacha cha kwanza, kimebanwa kati ya kadi zake mbili zinazofuatana. Alizisogeza kadi mbilimbili akaandika miraba kati yake kwenye vipande vya karatasi. Tukajumlisha miraba kumi ya kwanza kwa kikokotoo: 1.5498. Kilichobaki, kuanzia 1/(11×11) kwenda bila mwisho, hatuwezi kukijumlisha, lakini kadi zinazokibana tunaweza. Kwa chini ni 1/(11×12) + 1/(12×13) na kuendelea, zinajikunja zinabaki 1/11. Kwa juu ni 1/(10×11) + 1/(11×12) na kuendelea, zinajikunja zinabaki 1/10. Kwa hiyo jumla nzima iko juu ya 1.5498 + 1/11, ambayo ni 1.6407, na chini ya 1.5498 + 1/10, ambayo ni 1.6498. Nikambonyezea π²/6 kwenye kikokotoo: 1.6449. Iko katikati.

Hakusema kitu kwa muda. Alikuwa anaitazama ile 1/10 na ile 1/11.

"Upana wa nafasi tuliyoibana," akasema, "ni 1/10 toa 1/11."

"Ndiyo."

Akahesabu kadi kwa kidole kutoka mwanzo wa mstari, akafika ya kumi, akaichukua, akaigeuza upande wa mbele akanionyesha. 1/110.